Kutoka Cimpunda mpaka masomo ya Leta



Katika muji wetu wa Bukavu, mwisho wa mwezi wa 8 unajulikana hata bila kalenda. Kwenye soko ya Kadutu, mafungu ya kaye yanapanda juu ya meza, mashati meupe na jipo za bulu zinatundikwa kila fasi, washonaji wanakesha. Ndani ya nyumba nyingi mazungumuzo yanakuwa mamoja tu: mwaka huu mutoto atasoma wapi? Wengi kati yetu tumekwisha kufanya hesabu na kuona kwamba hatuwezi tena kulipa masomo ya prive. Juu ya ile, juma hili tunawaelezea njia moja ambayo sisi watatu wa komisyo ya elimu tuliitembea pamoja na mama mumoja wa shirika letu na binti yake, kusudi kila mama mwenye kuwa katika hali ile aone mbele yake kuna nini.

Mama huyu anauzisha sambaza. Binti yake ana miaka 14, na alikuwa amemaliza mwaka wa 8 katika masomo ya prive ya karibu na kwao, kule Cimpunda. Kazi ya baba ilikwisha mwezi wa 3. Tangu siku ile feza ya masomo ilianza kuchelewa, kisha ikakosa kabisa. Baba mudogo wa mutoto alikuwa amekwisha kutoa shauri lake: “Akae kwanza nyumbani mwaka mumoja, asaidie mama yake na sambaza, kisha tutaona.” Wamama, sisi tunajua maneno haya. Kwa binti wa miaka 14, mwaka mumoja wa kukaa nyumbani hauishi kuwa mwaka mumoja. Unazaa wa pili, na mbele ya wa tatu kuna mutu amekuja kuuliza mahari. Kwa hiyo tulisema: hapana, twende tuangalie masomo ya Serikali, yale watu wanaita masomo ya Leta.

Kizuizi cha kwanza hakikuwa mbali. Masomo ya prive ilikuwa imeshika bilten ya mutoto juu ya deni la transhi moja. Bila bilten, hakuna mukubwa wa masomo atakayekuandika. Tulienda kule wamama wane, tukaikala, tukasema kwa upole. Mama mumoja wa likelemba yetu, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, alikubali mwenzake atangulie kupokea. Tulilipa nusu, tukaandika karatasi ya kumaliza deni mpaka mwezi wa 12, pande zote mbili zikatia sahihi, na bilten ikatoka. Mama aliitia ndani ya mufuko wa plastiki, akaukunja mara mbili, akauweka ndani ya kitenge chake.

Tulianza safari saa kumi na mbili na nusu ya asubui. Kutoka Cimpunda, muji wote uko chini yako: mabati yamebanana sawa na magamba ya samaki, na huko mbele ziwa Kivu na nchi zake za udongo zenye kuingia ndani ya maji sawa vidole vya mukono. Njia inashuka kati ya nyumba, fasi zingine ni ngazi za udongo, fasi zingine ni mufereji tu ambao mvua ilijichimbia. Tulikutana na watoto wenye kubeba bidon za maji, na wamama wenye kupanda na mizigo ya makala. Binti alikuwa mbele, kimya. Masomo yake ya zamani ilikuwa dakika kumi kutoka nyumbani. Hii mupya ilikuwa zaidi ya saa moja kwa miguu.

Tulipita soko ya Kadutu, tukashuka mpaka Place de l’Indépendance, kisha tukafuata avenu Patrice Emery Lumumba, kule motari wanapita bila kuangalia nyuma. Hapo ndipo binti aliongea. Aliuliza: “Mama, wenzangu watasema nimeanguka. Nitawajibu nini?” Mama yake hakujibu mara moja. Tulipokaribia Nyawera, alisema: “Utawajibu kwamba unaenda kusoma. Mwenye kuanguka ni yule mwenye kubaki nyumbani.”

Masomo yenyewe ni nyumba za matofari za wakati wa Wabelji, zenye baraza ndefu, kuta nene na mikaratusi nyuma. Kengele ni janti ya gari yenye kutundikwa juu ya muti, wanaipiga na chuma. Madirisha mengi hayana vioo. Tulihesabu mabenchi ya chumba kimoja, tukaona kwamba wanafunzi wataikala watatu watatu, na lista ya mulango ilikuwa na majina 62. Katika masomo ya prive walikuwa 21. Hatukuficha jambo hili mbele ya mutoto. Aliliona yeye mwenyewe. Lakini aliona vilevile chumba kingine, chenye meza ndefu za simenti, rafu za mbao na chupa za kazi ya kemi, zingine zimepasuka, zingine zingali zima. Masomo yake ya zamani ilikuwa na sehemu mbili tu za humanite: Pedagoji na Komersyali. Hapa kulikuwa pia Kemi-Biyoloji, na yeye tangu miaka miwili anasema anataka kuwa mukunga. Alisimama mbele ya rafu ile wakati mrefu, mpaka tulimuita.

Prefe alitupokea vizuri. “Karibuni wamama, muikale.” Alisoma bilten musitari kwa musitari. Alitaka pia atestasyo ya kuzaliwa, cheti cha mwisho wa masomo ya msingi, na namba ya SERNIE, ile huduma ya Serikali yenye kuandikisha wanafunzi. Kisha aliuliza jambo ambalo wazazi wengi hawafikirie: masomo ile ya prive ina agrema ya Serikali? Ilikuwa nayo, na namba ya aretee iliandikwa. Kama ingekosa, bilten ile ingekuwa karatasi tu. Mutoto alipewa jaribio la Kifaransa na la hesabu, akaandikwa.

Wakati wa kungojea, tulizungumuza na mwalimu mumoja muzee juu ya neno hili “masomo ya Serikali,” kwa sababu linachanganya wengi. Katika inchi yetu, masomo ya Serikali si yale tu yenye kuongozwa na Serikali yenyewe. Mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilichukua masomo yote, hata ya makanisa. Tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1977 ilifanya mapatano na makanisa ya Katoliki, Protestanti na Kimbangu ili yaongoze tena masomo yao, na kisha Waislamu nao wakaingia. Ndiyo yale yenye kuitwa konvansyone. Kwa hiyo, masomo kama Kolegi Alfajiri ya Wayezuiti, au Lise Wima yenye kuwa ya wasichana, haya pia yako upande wa Serikali, hata kama watu wengi wanayahesabu sawa ya prive. Mama mwenye kutafuta asifunge macho yake kwa jina, aulize.

Mwalimu yule alituelezea pia kwa nini masomo ya Serikali ilipata jina baya. Mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilikufa, walimu wakagoma, na mwaka wa masomo wa 1991-1992 ukapotea kwa watoto wengi. Baada ya ile, wazazi walianza kulipa wenyewe prime ya walimu, na mwenye kuwa na uwezo akaanza kupeleka mutoto prive. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi ya Serikali ni ya bure, kama vile katiba ya 2006 inavyosema katika artikle 43. Lakini segondere si ya bure. Ni hapa wamama wengi wanashangaa mbele ya karani. Feza ya segondere inapangwa kila mwaka kwa aretee ya guverneri wa jimbo, na aretee ile inapashwa kuonekana na muzazi. Tuliiomba, ilikuwa imebandikwa nyuma ya mulango. Tukaisoma, tukaandika kila kitu katika kaye yetu, na tukaomba resi ya kila franga tuliyotoa.

Sisi wenye kufundisha tunapenda kusema neno moja juu ya mwaka wa kuhama. Kwa sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014, elimu ya msingi inafika miaka 8, kisha humanite ni miaka 4, na mwisho wake ni Egzamini ya Serikali. Kwa hiyo fasi nzuri ya kuhama ni mwisho wa mwaka wa 8, wakati mutoto anachagua sehemu. Hapo wote ni wapya, na hakuna mwenye kumuuliza umetoka wapi. Kuhama katikati ya humanite ni kuzito zaidi: saa za kozi hazilingani, na mutoto anakuta wengine wamekwisha kujenga msingi wa kozi ya sehemu yao. Na kuhama katika mwaka wa mwisho ni hatari, kwa sababu kuandikishwa kwa Egzamini ya Serikali kunafanyika kupitia masomo, na makosa ya jina au ya sehemu yanaweza kuharibu kazi ya miaka yote.

Mutu asidhani tunasema kwamba yote ni mazuri kule. Mvua ikinyesha juu ya mabati, mwalimu ananyamaza mpaka ipite. Kati ya walimu kuna wenye matrikule na wenye kulipwa na SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE, na kuna wengine wanaofundisha tangu miaka bila mushahara wa Serikali. Hawa wanaishi kwa prime ya wazazi, na siku zingine uchovu wao unaonekana. Na zaidi ya yote, katika chumba cha watoto 62, mwalimu hawezi kuona peke yake nani amenyamaza kwa sababu amefahamu na nani amenyamaza kwa sababu amepotea. Katika prive, mara nyingi wanakuita. Huku, muzazi ndiye anapashwa kwenda kuuliza.

Tulimuona mama huyu tena mwezi wa 11, bilten ya peryode ya kwanza ilipotoka. Mutoto alikuwa na 54 kwa 100. Mwaka uliopita alikuwa na 71. Baba mudogo alipoona ile alisema: “Si niliwaambia?” Mama hakubishana. Alivaa kitenge chake, akashuka Cimpunda siku ya masomo, akamungojea mwalimu wa hesabu chini ya baraza. Mwalimu alimuonyesha kaye: mutoto hakuwa mujinga, ila sura mbili za aljebra hakuwa amezisoma kule alikotoka. Sasa kila siku ya posho alasiri anasoma hesabu pamoja na wasichana wengine wawili wa Kadutu, ndani ya chumba ambamo shirika letu linakutana. Wanatembea watatu asubui, na njia imekuwa fupi, ndivyo anavyosema. Deni la prive lingali na sehemu moja ya kumalizika, na sambaza mwezi huu ni haba. Hatujui kama peryode ya pili itakuwa nzuri zaidi. Tunajua kwamba yuko ndani ya masomo, na kwamba jina lake liko kwa lista ya Kemi-Biyoloji.

Kwa mama mwenye kufikiri kuhama mwaka kesho, asingojee mwezi wa 9. Aanze mwezi wa 6: aulize deni lake, aombe bilten mapema, aangalie kama masomo ya mutoto ina agrema, atembee mwenyewe kwa miguu mpaka masomo mupya kwa saa ile ambayo mutoto atatembea, aone njia na giza lake na magari yake. Aingie chumbani, ahesabu mabenchi, aulize sehemu gani za humanite ziko. Na amuchukue mutoto pamoja naye, kwa sababu ni yeye atakayeikala pale miaka mine.

Siku ya posho yenye kuja, saa tisa, komisyo ya elimu itakuwa kwa fasi yetu ya kila juma. Mwenye deni la bilten asione haya. Alete karatasi zake, tutaziangalia pamoja.