Mwindaji Ajifiche Wapi?

Mwindaji mzuri si yule anayekimbia sana. Paa na swala wana miguu minne, mtu ana miwili tu. Akishindana nao kwa mbio, hurudi nyumbani mikono mitupu. Hata chui, ambaye ana mbio kumshinda mtu, hapendi kukimbiza nyama mbali. Hunyata, hujilaza katika majani, hungoja, kisha huruka mara moja. Watu walimtazama, wakajifunza kuvizia.

Lakini mtu hana madoa ya chui. Yampasa kujitengenezea maficho. Wengine husimamisha ua wa majani karibu na njia ya nyama. Wengine hufunga miti juu ya matawi, wakapata ulingo wa kukalia. Wengine huchimba shimo na kukaa ndani yake, kichwa tu kikitokea. Wengine hujificha nyuma ya kichuguu. Maficho hayo yote ni mazuri, na yote ni mabaya. Mtu akiuliza, « Yapi yapita mengine? » ni kama kuuliza kama jembe lapita shoka. Aseme kwanza kama anataka kulima au kukata mti.

Tazameni habari ya ndugu wawili wa kijiji kimoja cha Katanga. Shamba lao la mihogo lilikuwa kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na kijito chenye kichaka kizito. Nguruwe wa pori walitoka katika kichaka kile usiku, wakafukua mihogo, wakala mizizi na kuvunja mashina. Kila asubuhi mama yao alihesabu hasara. Basi vijana wale walishika upinde na mishale, wakasema, « Tutawaua. »

Juu ya shamba palikuwa na mti mkubwa. Walijenga ulingo wenye ngazi, wakaufunika kwa matawi mabichi. Ulikuwa ulingo wa kupendeza, na vijana wote wa kijiji walikuja kuutazama. Usiku wa kwanza ndugu wale walikaa kimya mpaka asubuhi. Nguruwe walikuja, lakini walikula upande wa mbali wa shamba. Usiku wa pili ikawa vile vile. Usiku wa tatu walishuka chini, wakajificha nyuma ya ua wa majani, karibu na njia iendayo kijitoni.

Kabla ya mapambazuko walisikia majani yakitikisika. Kitu cheusi kilikuja polepole kati ya mihogo, kimeinama. Ndugu mdogo alivuta upinde. Mkubwa alikuwa ameshika mshale wake naye. Ndipo kile kitu kilipokohoa. Kumbe, ni mama yao! Alikuwa akienda kijitoni kutoa mihogo aliyoiloweka, tena aliinama kwa sababu ya kikapu mgongoni.

Vijana hawakusema neno. Mikono yao ilitetemeka hata mshale ukaanguka chini. Jua lilipochomoza walikwenda kwa babu yao, mwindaji wa siku nyingi, wakamweleza yote. Mzee hakuwagombeza. Alichukua fimbo yake, akasema, « Twendeni nikaone. » Walipofika shambani aliwauliza maulizo manne.

Ulizo la kwanza lilikuwa hili: « Wajukuu wangu, mnataka nini? Mnataka nyama ya kula, au mnataka kulinda mihogo? »

Walijibu, « Babu, tunataka kulinda mihogo. »

Mzee alisema, « Kama ni hivyo, kwa nini mnajificha? Nguruwe asiyewaona, asiyewasikia, ataogopa nini? Mlinzi wa shamba hujionyesha. Huwasha moto, hupiga debe, huimba, hujenga ua wa miti imara. Anayejificha ni yule anayetaka kuua. Ninyi mlitaka kazi moja, mkatengeneza chombo cha kazi nyingine. »

Ulizo la pili: « Mnajificha kwa nani? » Kila nyama ana mlinzi wake. Nguruwe wa pori haoni vizuri, lakini pua yake na masikio yake ni makali sana. Nyani haitegemei pua hivyo. Yeye huona mbali, tena huona rangi kama mtu. Swala hutegemea pua, masikio na macho pamoja, na jambo linalomshtua upesi ni mwendo: mkono ukiinuka, kichwa kikigeuka. Kwa hiyo yule anayewavizia nyani apate majani mazito ya kumfunika pande zote. Yule anayevizia swala ajifunze kukaa bila kujikuna hata mbu wakimwuma. Na yule anayevizia nguruwe aache tumbako nyumbani, asile samaki mkavu mafichoni, wala asiongee.

Ulizo la tatu: « Upepo ulitoka wapi? » Hapo vijana walinyamaza, maana hawakuuangalia. Katika Katanga, wakati wa kiangazi, upepo wa mchana mara nyingi hutoka upande wa mashariki na kusini. Lakini jua likizama, mara nyingi upepo ule hupungua. Hewa ya mteremko hupoa, na hewa iliyopoa ni nzito. Hushuka polepole kuelekea bondeni, kama maji yanavyoshuka. Asubuhi jua likipasha mteremko joto, hewa hugeuka na kupanda. Ulingo ulikuwa juu, na nguruwe walitoka kijitoni, chini. Usiku kucha harufu ya vijana ilishuka mpaka puani mwao. Nguruwe walijua ulingo uko wapi kabla ya kutoka kichakani.

Mzee alichukua majivu kidogo, akayaachilia taratibu kati ya vidole. Majivu hayadanganyi: yaendako, ndiko harufu iendako. Mwindaji akae mahali ambapo upepo watoka kwa nyama na kuja kwake. Kama hawezi kupata mahali hapo, afadhali arudi nyumbani akalale.

Ulizo la nne mzee aliliuliza kwa sauti ndogo: « Watu hupita wapi? » Mwindaji aliyejificha kwa nyama amejificha kwa watu vile vile. Jirani yake hajui kwamba yuko pale. Anaweza kupita mbele ya mshale wake; au mwindaji mwingine anaweza kuona majani yakitikisika, akadhani ni swala, akapiga. Kwa hiyo mwenye kujificha lazima awaambie watu wa nyumba yake na jirani zake: nitakuwa mahali fulani, tangu saa fulani mpaka saa fulani. Asijifiche kamwe akitazama njia ya watu, wala ya maji. Tena asipige kitu asichokiona wazi, kichwa na miguu. Majani yanayotikisika si nyama. Kivuli si nyama.

Mtu akiisha kujibu maulizo hayo manne, sasa anaweza kuchagua.

Ua wa majani hujengwa upesi, hata kwa saa moja, tena mzee na mtoto waweza kuutumia. Wafaa sana kwa mwenye upinde, kwa kuwa yeye hana budi kumkaribia nyama. Lakini aache nafasi ya kiwiko cha mkono; ua mwembamba sana humfanya apige jani kwa upinde, na nyama hukimbia. Matawi yakatwe mbali kidogo, si pale pale, ili mahali pasibadilike. Yabadilishwe yakinyauka, maana majani makavu katikati ya mabichi huonekana hata kwa mjinga. Tena kilicho nyuma ya mwindaji ni kikubwa kuliko kilicho mbele yake: asiyekuwa na kichaka nyuma huonekana kama nguzo juu ya mwanga wa mbingu.

Ulingo humpa mtu macho. Kutoka juu huona mbali, na nyama wengi hawatazami juu. Upepo ukivuma, pengine harufu yake hupita juu ya vichwa vyao. Lakini ulingo una taabu: mwenye magoti mabovu hawezi kuupanda, miti yake hulia mtu akijigeuza, na anayesinzia aweza kuanguka. Mwenye akili hujifunga kamba kiunoni.

Shimo huficha mwili wote mahali pasipo na miti. Lakini mvua hulijaza, nyoka hupenda kuingia, na siafu wakija mwindaji hutoka mbio kuliko swala wake. Akiisha kuwinda, alifukie, mtoto au ng'ombe asije akavunjika mguu.

Kichuguu ni maficho ambayo mchwa wamekwisha kuyajenga. Katika Katanga viko vichuguu vinavyopita mita 5 kwenda juu, vyenye miti na majani juu yake. Nyama wamekizoea tangu kuzaliwa kwao, hawakiogopi. Hiyo ndiyo faida kubwa. Kitu kipya porini hushtua, kitu cha zamani hakishtui. Kwa sababu hiyo anayejenga ua au ulingo aujenge siku kadhaa kabla ya kuwinda, ili nyama wauzoee.

Jambo hilo walilijua pia ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton. Wao hawakutaka kuua ndege, walitaka kuwapiga picha karibu na viota vyao. Karibu na mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa bandia: ngozi ya ng'ombe juu ya mifupa ya miti, na ndani yake mtu mwenye chombo cha kupigia picha. Ndege hawakuruka, kwa sababu walizoea kuona ng'ombe malishoni. Mahali pengine ng'ombe yule angekuwa kichekesho, pale alifaa.

Katika India, mwindaji Jim Corbett alimtafuta chui mla watu wa Rudraprayag. Chui yule aliua watu 125 tangu mwaka 1918 hata mwaka 1926. Corbett aliona kwamba chui alizoea kupita katika barabara moja. Basi alichagua mwembe kando ya barabara ile, akafunga mbuzi chini yake, mwenye kengele shingoni, akakaa juu usiku mwingi, mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Mei 1926 alisikia kengele, akawasha taa, akapiga. Mti ule haukuwa mzuri kuliko miti mingine ya India. Ulikuwa mahali pa kufaa, kwa nyama yule mmoja.

Na katika Kongo yenyewe, mwaka 1959, mtaalamu George Schaller alikwenda Kabara, kati ya milima Mikeno na Karisimbi, kujifunza maisha ya gorila. Haja yake ilikuwa kuwatazama siku nyingi bila kuwatisha. Yeye aliona kwamba haifai kujificha. Gorila akigundua mtu aliyejificha, hushtuka na kuwa na mashaka. Basi Schaller alikwenda polepole, akaketi mahali pa wazi, wamwone. Siku baada ya siku walimzoea, wakaendelea kula. Nchi ile iko katika mbuga iliyowekwa mwaka 1925, ambayo leo yaitwa Virunga. Humo hakuna ruhusa ya kuwinda. Na nje ya mbuga, sheria ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 yamtaka mwindaji awe na ruhusa ya serikali.

Ndugu wale wa Katanga walifanya nini? Walivunja ua wao wa majani siku ile ile. Ulingo waliuacha, lakini waliondoa matawi yaliyoufunika, wakauweka wazi. Kila usiku mmoja wao alikaa juu yake, akapiga debe, na chini moto uliwaka. Walijenga pia ua wa miti upande wa kijito. Nguruwe walikuja mara mbili, tatu, wakanusa, wakarudi kichakani. Mihogo ikapona.

Mzee aliwaambia kwamba siku watakapotaka kuwinda, atawaonyesha kichuguu kimoja mbali na njia za watu. Ndugu mkubwa alikubali. Ndugu mdogo alitundika upinde wake ukutani, na ulikaa pale miezi mingi.

Mama yao aliendelea kwenda kijitoni alfajiri. Lakini tangu siku ile, alipokuwa njiani, aliimba.

Maulizo
1. Kwa nini nguruwe hawakukaribia mti wenye ulingo?
2. Hewa ya mteremko huenda wapi usiku? Na asubuhi jua likiwaka?
3. Kwa nini Schaller hakujificha?
4. Mwindaji awaambie nini watu wa nyumba yake kabla ya kwenda kujificha?