Mashua Inayoteremka Rungwe

Ukijaliwa kufika Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, simama pale njia panda uutazame Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Barabara iendayo Kyela hupita ubavuni mwake. Hupanda kwanza hadi Isongole penye baridi na viazi, kisha huteremka kupitia Kiwira, migomba na chai ya Tukuyu, hadi kwenye tambarare za mpunga. Uyole ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa ni kama mita 475 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyotusimamisha.

Tulikuwa tumevuta mashua ya faiba kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kuwapelekea wavuvi wa Matema waliochangishana fedha kwa muda mrefu. Tela halikuwa na breki. Njiani jambo hilo halikutusumbua, kwani mlima wa Kitonga tuliupanda, hatukuushuka.

Dereva wetu, mzee wa makamo aliyezaliwa Tukuyu, akauliza uzito wa mzigo. Nikamjibu: kilo 400.

"Hiyo ni mashua tupu, mwanangu. Tela je? Injini je?"

Tukajumlisha. Tela kilo 250, injini 90, petroli lita 60 ambazo ni kama kilo 45, nyavu na nanga 120. Jumla kilo 905, na pikapu yetu ikiwa tupu ina kilo 1,500. Uingereza, sheria hudai breki kwa tela ambalo uzito wake pamoja na mzigo unazidi kilo 750; na lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta.

Nikajiona mwerevu: tuhamishie injini, petroli, nyavu na nanga kwenye pikapu, tela libaki na kilo 650. Mzee akatikisa kichwa. Ni kweli tela lingetusukuma kwa nguvu kidogo zaidi, lakini breki zilezile nne za pikapu zingebeba uzito uleule mteremko mzima. Breki zikipata moto mno hulegea, na kona za Rungwe, hasa wakati wa mvua, hazimsubiri mtu. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya kusimamisha gari huwa mara nne.

Basi tukalala Uyole siku mbili, wavuvi wakinung'unika kwa simu, na haki walikuwa nayo. Fundi akafunga ekseli kuukuu yenye breki. Utendaji wake ni rahisi: gari likipunguza mwendo, tela husukuma mbele, msukumo huo huingiza ndani chuma cha kwenye mkono wa kuvutia, nacho hukaza waya unaofunga breki za magurudumu ya tela. Tukaongeza na mnyororo wa tahadhari.

Tuliteremka kwa gia ya pili, malori yakitupigia honi. Baridi ilituacha taratibu. Baada ya Tukuyu tukavua makoti, na kabla ya Ipinda tulikuwa tunatokwa jasho. Matema tuliikuta imetulia chini ya milima ya Livingstone, akina mama wakipanga vyungu vya Wakisi mchangani.

Vijana walitaka kuisukuma mashua majini papo hapo. Mzee akawazuia. Gurudumu lenye moto likizamishwa ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji hadi ndani ya beringi, na grisi huharibika. Akaketi juu ya jiwe, kila baada ya dakika chache akigusa chuma kwa kiganja. Watoto wakamzunguka wakiuliza kama tayari.

"Bado," akasema, akaomba maji ya kunywa.