Siku 82

Jumatatu, 10 Februari 2025. Dar es Salaam

Nimeshinda na mafaili ya mgomo wa makuli wa Septemba 1947. Ulianzia bandarini hapa tarehe 6, ukaenea mjini, kisha ukapanda na Reli ya Kati hadi Tabora na Mwanza. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo hapa Dar mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma 1914, ili mali ya bara ishuke pwani. Mwaka 1947 ikapandisha neno la kugoma.

Makuli wengi walikuwa vibarua, watu wa kuandikwa asubuhi na kulipwa jioni. Asiyekwenda bandarini hakuwa na ajira ya kuachishwa, na hiyo ilikuwa nguvu yake. Lakini jioni ileile hakuwa na cha kupeleka nyumbani. Maofisa wa kikoloni walihesabu siku za kazi zilizopotea. Ukishayasoma maneno hayo mara kumi, unasahau kuuliza zilimpotea nani.

Jumatano, 12 Februari

Nimerudia rasimu ya sura ya tatu. Chama cha makuli kinaundwa 1947, kinavunjwa 1950 baada ya mgomo ulioingia ghasia. Mwaka 1955 linaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, shirikisho linavunjwa na chama kipya cha wafanyakazi, NUTA, kinashika nafasi yake. Katikati upo mgomo wa reli wa 1960, siku 82, chini ya Kasanga Tumbo.

Tarehe ni sahihi. Kurasa 40, na ndani yake hakuna mtu anayekula.

Babu alikuwa fundi wa reli Tabora wakati wa mgomo ule. Bibi yu hai. Miaka yote hii nimewahoji wazee wa watu wengine.

Jumamosi, 15 Februari. Tabora

Nimefika alfajiri. Baada ya shikamoo na uji, nimemuuliza Bibi kuhusu chama, madai, viongozi. Amenitazama kwa huruma. "Hayo mambo ya babu yako, mke mwenzangu. Mimi niulize tulikula nini."

Nikauliza. Mgomo uliwakuta Februari, viazi vipya bado vimo ardhini. Mwezi wa kwanza walikula akiba ya viazi vikavu, matobolwa aliyoyaanika mwenyewe msimu uliopita. Mwezi wa pili akaanza kwenda kwao kijijini kwa miguu, mtoto mgongoni, kurudi na unga na karanga. Mwenye duka aliwakopesha chumvi na mafuta ya taa, mpaka daftari lake likajaa majina ya watu wa kota. Mwezi wa tatu wanawake wa kota walipika pamoja, sufuria moja kwa nyumba tatu, kwa sababu ya kuni.

"Babu alitaka kurudi kazini?"

"Alitaka, siku ya sitini na kitu. Nikamwambia, nimeshatembea kiasi hiki, leo unarudi bure?"

Nimezima kinasa sauti, maana amenyamaza, nami sikutaka kimya chake kiwe mali ya utafiti.

Jumapili, 16 Februari

Nimemuuliza deni la dukani liliisha lini. Bibi anasema mtoto wake wa pili alizaliwa likiwa bado halijaisha. Kwa hiyo mshahara ulioongezwa ulipitia kwanza kwenye daftari la duka. Kwenye rasimu yangu mgomo unaishia siku ya makubaliano. Kwa Bibi haukuishia hapo.

Jumanne, 18 Februari. Dar es Salaam

Nimeifungua upya sura ya tatu. Tumbo na viongozi wenzake wanabaki, maana walibeba hatari kubwa na wanastahili kutajwa. Kinachobadilika ni hesabu. Siku 82 za mwajiri ni treni zisizotembea. Siku 82 za kota ni akiba, miguu, mkopo na sufuria moja, na kila kimoja kilikuwa kazi ya mtu asiyekuwa na kadi ya chama.

Bibi amenitajia wenzake wawili wa sufuria ile ambao bado wako hai, mmoja Urambo, mwingine Kigoma. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Swali la kwanza nimeshaliandika juu ya daftari jipya: mlikula nini?