Dhahabu haihitaji reli, watu ndio wanaoihitaji

Kalgoorlie na Kamituga ni miji ya dhahabu. Wa kwanza uko Australia Magharibi, kwenye nyika kavu isiyo na mto wa kudumu. Wa pili uko Mwenga, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, ndani ya milima ya kijani na mvua tele. Dhahabu ya Kalgoorlie ilionekana 1893, na kufikia 1896 reli kutoka Perth ilikuwa imeshafika. Mwaka 1903 hata maji ya kunywa yaliletwa kwa bomba, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 500. Dhahabu ya Kamituga imechimbwa tangu enzi za MGL, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa 1923. Ikaja kampuni ya SOMINKI 1976, ikaja ya Banro, na wachimbaji wadogo wapo mashimoni hadi leo. Lakini kilomita kama 180 za barabara ya taifa RN2 kutoka Bukavu, msimu wa mvua, lori linaweza kuzimaliza kwa siku kadhaa, magurudumu yamezama na mizigo imeshushwa matopeni. Huku ugenini Australia treni inatoka Perth asubuhi na kufika Kalgoorlie baada ya saa kama saba, zaidi ya kilomita 600. Tukiulizana sababu, wengi wetu tunajibu haraka: wenzetu ni matajiri. Jibu hilo silikubali lote.

Kilo moja ya dhahabu inaenea kwenye nafasi ya viberiti viwili. Inatoka mfukoni, inatoka kwa pikipiki, inatoka kwa ndege ndogo, na haijawahi kudai daraja wala tuta. Chuma ndicho hudai. Mauritania, nchi ya jangwa, ina reli ya kilomita zipatazo 700 kutoka migodi ya Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou tangu 1963, kwa sababu mawe yale hayabebeki vinginevyo. Abiria wasio na nauli wamekuwa wakipanda juu ya shehena yenyewe, vumbi usoni. Wakoloni wa Kongo nao walihesabu hivyohivyo. Reli za Maziwa Makuu, Kindu hadi Kongolo mwaka 1911 na Kabalo hadi Kalemie mwaka 1915, ziliunganisha mto na ziwa ili mali ipate njia ya kutokea. Ile ya Kivu, iliyofunguliwa 1931, ilitoka Uvira ikaishia Kamanyola, bondeni mwa Ruzizi, haikupanda kamwe hadi Bukavu, na 1958 ikaachwa. Anayepima njia kwa kinachotoka hataona faida ya kuifikisha Kamituga. Kinachohitaji njia pale ni kinachoingia: saruji, mabati, unga wa bugali, dawa, mgonjwa anayekwenda hospitali kubwa.

Australia walipima kwa kinachoingia. Australia Magharibi ilipojiunga na shirikisho mwaka 1901 ilitarajia reli ya kuiunganisha na majimbo ya mashariki, na njia ya kilomita 1,693 kutoka Port Augusta hadi Kalgoorlie ikakamilika Oktoba 1917. Kwenye uwanda wa Nullarbor imenyooka kilomita 478 bila kona. Kinachonigusa zaidi ni treni moja ya mizigo iliyoitwa Tea and Sugar, iliyopita njia hiyo hadi 1996. Ilikuwa na behewa la bucha, behewa la duka, matangi ya maji, na mlipaji mishahara. Wateja wake walikuwa mafundi na familia zao waliokaa kambini kandokando ya reli, wakibadilisha mataruma na kukaza misumari. Njia ililisha watu wanaoitunza. (Haki ilipungua vilevile: kisima cha Ooldea, walichotegemea wenyeji wa asili kwa vizazi vingi, kilikauka ndani ya miaka kumi baada ya treni kuanza kukinywa.)

Nitaambiwa kwamba jangwa ni tambarare na kavu, na Kivu ni milima na mvua. Ni kweli, na ndiyo maana sidai reli ifike Kamituga kesho. Lakini Januari 2022 mvua kubwa ilisomba reli hiyohiyo ya jangwani sehemu nyingi, maduka ya Perth yakaanza kukosa vyakula, na treni zikarudi kupita baada ya siku kama 24. Mvua ilikuwa mvua. Tofauti ilikuwa kikosi, mawe na mashine zilizokuwa na mwenyewe. Nitaambiwa pia kwamba pesa hakuna. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inagawa mrabaha: asilimia 25 kwa jimbo na 15 kwa eneo lenye mgodi. Dhahabu ya wachimbaji wadogo inayovushwa kimagendo haifiki kwenye hesabu hiyo, na hapo kuna kazi ya serikali. Lakini dereva wa RN2 tayari analipa kwenye vizuizi njia nzima. Pesa inatoka mfukoni mwa mama muuza unga, ila haigeuki kuwa kokoto.

Kwa hiyo sisi wa ugenini, tunapochangishana kwa ajili ya nyumbani na kuandikia viongozi, tuache kuomba sherehe za kuzindua ujenzi. Tuombe kambi tatu za kudumu za kutunza barabara, Burhale, Mwenga na Kamituga kwenyewe, kila moja na greda, lori la kokoto na vijana wanaolipwa kila mwezi kufungua mitaro kabla mvua za Septemba hazijaanza. Na bei ya mfuko wa saruji Kamituga, ikilinganishwa na ya Bukavu, itangazwe hadharani kila mwezi, ili viongozi waulizwe kwa nini imepanda.