Maganda ya machungwa juu ya meko

Wengi wakisikia mapambo ya Noeli wanafikiri mara moja yale ya plastiki yanayoletwa na pikipiki kutoka Kalemie ao Bukavu. Sisi huku Kabambare tulizoea kuyatengeneza wenyewe, na kazi yake ilianza jikoni, majuma mawili mbele ya sikukuu.

Desemba kwetu ni mvua. Ukikata chungwa vipande na kuvianika inje, siku ya tatu vimeshika ukungu. Kwa hiyo jua hatulitegemei, tunategemea moshi. Juu ya meko kuna dari ya fito, pale mama wanapokausha samaki na kutundika mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Pale ndipo tunaweka maganda. Chungwa lenyewe tunakula, ganda tunabakiza. Lazima ulikate umbo la nyota na kulitoboa tundu lingali bichi, maana likikauka linavunjika tu. Moto uwe mdogo. Baada ya siku nne ao tano linakuwa gumu, rangi ya kahawia. Tunatunga kwa uzi wa mgomba, ganda moja, pilipili nyekundu tatu, ganda tena. (Pilipili atunge mtu mzima. Mutoto akijifuta macho, Noeli yake imekwisha.)

Hata Ulaya mambo yalikuwa ya namna hii: huko Strasbourg, mwaka 1605, mtu aliandika kwamba watu wanaweka miti nyumbani na kuitundika matufaha na maua ya karatasi.

Noeli tunayokumbuka zaidi ni ya 1998. Vita ya pili ilikuwa imeanza mwezi wa nane, watu wa baiskeli hawapiti tena, dukani hakuna hata mshumaa. Tukasema, basi mwaka huu pango la kanisani litapendeza kupita miaka yote. Maganda hayakutosha. Tukaanza kuangalia yale mahindi ya mbegu.

Mama mkubwa akakataa. "Chakula munatundika kwa ukuta, na watoto wanalala njaa? Hii ni mapambo gani?"

Tulimsihi siku mbili. Mwishowe akatoa mahindi kumi na mawili, akayahesabu mbele yetu. "Kumi na mawili yametoka, kumi na mawili yarudi."

Usiku wa mkesha yalipendeza, hatutasema uongo. Majani yake tuliyageuza nyuma kama maua, katikati ya matawi ya mawese. Asubuhi yalibaki matano.

Hatukumtafuta aliyechukua. Mama mkubwa alihesabu yale matano, akayarudisha juu ya meko, akasema tu: "Huyo alikuwa na njaa kuliko Yesu wenu wa udongo." Halafu akatutuma kulima shamba la jirani siku tatu, tulipwe mbegu. Tulilima bila neno. Jirani yule ni Mwislamu, kama wengi huku kwetu, na watoto wake ndio waliotuletea machungwa ya mwaka ule.

Tangu siku ile mahindi hayatoki jikoni. Tunatundika maganda, pilipili na matawi, basi. Vijana wanasema ni mambo ya umasikini, na plastiki inakaa miaka. Ni kweli, inakaa. Maganda yetu hayafiki Februari: yana mafuta ndani, yakikauka yanashika moto haraka kuliko kuni zilizonyeshewa, na asubuhi za Januari mama wanayachomoa kwa uzi moja moja, wanawashia meko.