Nondo wameniumbua

Nilikuwa naandika programu ya kupanga picha za nondo wa familia ya Gracillariidae, wenye mabawa ya milimita chache tu. Viwavi wao huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini.

Programu ilipanga kwa rangi. Nikajisifu, nikamtumia rafiki yangu mtafiti orodha. Kumbe kundi moja lina spishi mbili! Wenzetu hupasua tumbo na kuangalia viungo vya uzazi kwa hadubini, au husoma kipande cha DNA chenye herufi 658. Bawa likipukutika magamba, rangi ndiyo basi tena.

Nimeongeza safu moja kwenye hifadhidata: mmea aliotolewa kiwavi. Picha 300 nazirudia kwa mkono. Rafiki bado hajajibu.