Vipande Kumi vya Njia

Wahenga wamesema msafiri kafiri, na kwa kawaida maneno hayo humhusu mtu aliyekwisha kuondoka kwao: usiku umemkuta njiani, au amefika ugenini na hana amjuaye. Lakini kila safari ndefu hutanguliwa na safari nyengine, ifanywayo mtu akiwa amekaa kitako na kalamu, karatasi na ramani mbele yake. Humo ndimo anapoamua nani atamwendea na nani atampita. Aondokaye kwa ndege moja hadi mji mmoja huepukana na hesabu hiyo. Aondokaye kwa gari moshi, tena kwa pasi yenye idadi maalumu ya vipande, hana pa kuikwepa.

Mzee mmoja, mzaliwa wa Malindi, Unguja, aliingia katika hesabu hiyo mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 68. Daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege kwa sababu ya maradhi ya sikio, na dada yake mkubwa, aliyeishi Sacramento katika jimbo la California, alikuwa ameanza kusahau majina ya watu. Watoto wa dada walisema kwenye simu kwamba bado anawajua nduguze, ila hawakujua atawajua mpaka lini. Mzee hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Gari moshi halikuwa chombo alichokulia nacho. Unguja iliwahi kuwa na reli: mnamo mwaka 1905 kampuni moja ya Kimarekani ilitandika njia ya maili 7 hivi kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hadi Bububu. Lakini reli hiyo ilikufa katika miaka ya 1920, na mzee aliijua kwa masimulizi ya bibi yake tu. Na huko Ohio alikohamia, mji wake wa Columbus, wenye watu zaidi ya laki 9, haujapitiwa na gari moshi la abiria tangu mwaka 1979. Ili kulipanda, ilimlazimu kwanza achukue basi hadi Toledo, upande wa kaskazini, na kulingoja huko usiku.

Shirika la Amtrak, lililoanza kazi tarehe 1 Mei 1971, huuza pasi ya reli ambayo mwaka ule bei yake ya kawaida ilikuwa dola 499. Masharti yake ni mepesi kuyasoma na mazito kuyatumia. Mwenye pasi hupewa vipande 10 vya kutumiwa ndani ya siku 30. Kipande si maili wala siku: ni kupanda na kushuka. Akipanda Chicago akashuka Denver, hicho ni kimoja. Akipanda tena Denver kuendelea mbele kwa gari la njia ileile, hicho ni cha pili. Asiposhuka Denver, kutoka Chicago hadi Sacramento ni kipande kimoja tu, ingawa amelala njiani usiku mara mbili. Tena pasi peke yake si tiketi. Kila kipande sharti kiwekewe nafasi kabla ya kupanda, na nafasi hizo zina mpaka. Kiti ni kile cha kawaida, cha kuegemea nyuma, kitanda hakimo.

Kwa hiyo kila kushuka kuna gharama yake, nayo si fedha. Mzee alichukua karatasi akaandika namba kuanzia 1 hadi 10. Toledo hadi Chicago, kimoja. Chicago hadi Denver, viwili, kwa kuwa Denver alikuwako mtoto wa mjomba wake aliyefiwa na mke. Denver hadi Sacramento kwa dada, vitatu. Kisha kusini hadi Los Angeles. Kutoka huko hadi Houston kwa rafiki aliyesoma naye tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Houston hadi New Orleans. New Orleans hadi Chicago. Na Chicago hadi Toledo. Jumla vinane. Akabakiwa na viwili.

Jambo alilojifunza mapema ni kwamba safari ya aina hii haipangwi kuanzia mwanzo. Hupangwa kuanzia kwenye gari lipitalo kwa nadra. Gari la Chicago kwenda California, liitwalo California Zephyr, huondoka kila siku. Lakini lile la Los Angeles kwenda New Orleans, Sunset Limited, huondoka siku 3 tu kwa wiki. Gari hilo ndilo likawa sultani wa safari nzima, na tarehe za magari mengine yote zikahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye lake. Pia ilimbidi aache nafasi ya kuchelewa. Nje ya njia za mashariki, sehemu kubwa ya reli apitazo abiria wa Amtrak ni mali ya kampuni za mizigo, na gari la abiria huweza kusimamishwa pembeni likipisha mabehewa ya mizigo yenye urefu wa maili nzima na zaidi. Mwenye busara hapangi kushuka na kupanda ndani ya saa moja. Hulaza usiku mmoja katikati, akamshukuru Mungu akifika mapema.

Saa nazo zilikuwa na fitina yao. Ratiba iliandika saa kwa namna ya Wazungu, na mzee, miaka yote hiyo ughaibuni, bado alihesabu moyoni kwa saa za kwao. Kila mstari aliugeuza: 2 ya mchana ikawa saa nane, 7 ya asubuhi ikawa saa moja. Juu ya hayo, njia ilikata majira manne, na kila mpaka uelekeao magharibi ulimrudishia saa moja. Akaandika pembeni nyakati za sala, akakumbuka kwamba msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya, na kwamba asiyeweza kusimama husali ameketi. Kibla asingekijua, kwa kuwa reli hupinda, khasa katika milima. Baada ya Denver gari hupita chini ya mgongo wa Marekani kwa handaki la Moffat, lenye urefu wa kilomita 10 na lililofunguliwa mwaka 1928. Siku ya pili yake huvuka milima ya Sierra Nevada kwa njia iliyochongwa katika miaka ya 1860 na maelfu ya vibarua wa Kichina. Humo mtu hunuia, akamwachia Mola aliyobaki.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Kilichomkalisha mezani siku tatu ni vile vipande viwili vilivyobaki.

Kulikuwa na Washington. Wazanzibari wa huko walikuwa wakimwita mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na harusi ya mjukuu wa rafiki, na kulikuwa na watu waliojua kupika biriani na kutia utani wa Mji Mkongwe. Kutoka Chicago kwenda Washington, kisha Washington kurudi Toledo, kungeongeza kipande kimoja tu.

Na kulikuwa na Seattle. Huko aliishi ndugu yake mdogo, tumbo moja, ambaye hawakusemezana tangu mwaka 2011. Mdogo huyo ndiye aliyekuwa wakili wa nyumba ya marehemu baba yao kule Malindi, na mwaka ule aliiuza. Hakula haki ya mtu. Kila mrithi alipata fungu lake kama sharia inavyoagiza, hata senti. Kilichomuuma mkubwa ni kwamba alipata habari nyumba ikiwa imekwishauzwa. Fedha ilifika kabla ya swali.

Kwenda Seattle kutoka Sacramento, kisha kuteremka moja kwa moja hadi Los Angeles, kungemtosha kuongeza kipande kimoja. Kwa hesabu hiyo Seattle na Washington zote zingeenea, na vipande 10 vingekwisha barabara. Lakini gari litokalo Seattle kwenda Los Angeles, Coast Starlight, hupita Sacramento. Akishuka hapo mara ya pili, kile cha kumi kingeliwa na Sacramento, na Washington ingetoka. Na kushuka hapo mara ya pili kusingekuwa na maana ila kwa jambo moja: awe na ndugu yake ubavuni, dada yao awaone wawili kwa pamoja wakati bado anawajua.

Akaifuta Washington. Akaanza kuweka nafasi kwa mpango, kwanza lile gari la siku 3 kwa wiki, kisha yaliyobaki, hata akafika kwenye safari ya kutoka Seattle. Hapo kalamu ikasita. Alikuwa amempangia mtu mzima siku, gari na kituo cha kushukia, naye mwenyewe hajaulizwa. Alikuwa anakaribia kumfanyia mdogo wake lile lile alilomlaumu nalo kwa miaka 13: kuamua kwanza, kuarifu baadaye.

Akaiacha namba hiyo wazi, akapiga simu.

Mazungumzo hayakuwa marefu. Waliulizana hali, wakaulizana watoto. Nyumba haikutajwa. Mkubwa akasema, "Nakuja huko kwa gari moshi. Nikitoka kwako nataka kurudi Sacramento kwa dada. Nimekupigia nikuulize kama utakuja pamoja nami. Sijaweka nafasi."

Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda.

"Linaondoka saa ngapi?"

"Asubuhi. Tunalala njiani, tunafika alfajiri."

"Una tiketi za kugawa, kaka?"

"Nina pasi. Ni ya mtu mmoja."

"Basi usijisumbue," akasema mdogo. "Nitajikatia yangu. Nipe tarehe tu."

Mzee akamsomea tarehe, akairudia mara mbili, kwanza kwa Kizungu kisha kwa Kiswahili, ili pasiwe na kosa la saa wala la siku. Alipoweka simu chini, akaandika mbele ya namba 5: Seattle, Sacramento. Karatasi ikawa imejaa, hakikubaki kipande hata kimoja cha dharura. Kisha akampigia yule rafiki wa Washington kumwomba radhi ya harusi.